Limfoma inayojificha kinywani, puani na shingoni: ni dalili zipi zituzindue mapema?

Swali: Tabibu wa Kinywa

Wataalamu wenzangu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kuhusu limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ziitwazo seli za limfu, ugonjwa ambao sisi tunaotibu meno hukutana nao kwa nadra, na ambao unapokuja huwa umevaa sura ya magonjwa tunayoyaona kila siku, hivyo ni rahisi kuupita bila kuutambua.

Nimepokea mgonjwa, mtu mzima, mwenye uvimbe wa ufizi katika upande mmoja wa taya la chini. Kabla ya kufika kwangu alikuwa ametibiwa kama mwenye jipu la jino. Alipewa antibiotiki zaidi ya mara moja, kisha gego lililokuwa limelegea likang'olewa, lakini kidonda hakikufunga; badala yake nyama laini ya rangi ya zambarau iliota kutoka katika shimo la jino na bado inaendelea kukua. Hana homa, hana usaha, hajakonda, na nilipompapasa shingo sikukuta tezi iliyovimba. Kilichonizindua ni ganzi. Mdomo wake wa chini na kidevu, upande uleule, havina hisia, na anasisitiza kwamba ganzi hiyo ilianza kabla jino halijang'olewa, kwa hiyo haiwezi kusingiziwa sindano wala koleo. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa ulioliwa bila mpaka dhahiri, na nafasi inayozunguka mizizi ya meno ya jirani imepanuka.

Kinyama cha kwanza cha kupimwa maabara, kilichochukuliwa juu juu, kilirudi na jibu la mchochota sugu na tishu iliyokufa. Cha pili kilichukuliwa ndani zaidi, na mtaalamu wa patholojia anashuku limfoma. Vipimo vya ziada vinaendelea.

Maswali yangu ni haya. Limfoma inawezaje kuanzia katika taya au ufizi bila tezi hata moja ya shingo kuvimba? Je, kuna sura nyingine za namna hii katika kichwa na shingo ambazo tabibu wa ngazi yoyote anapaswa kuzifahamu? Na kinyama kichukuliwe vipi ili kisirudi na jibu lisilotusaidia?

Jibu: Daktari wa Masikio, Pua na Koo

Ndugu Tabibu, ganzi ya kidevu ilitosha peke yake kukufanya usimame. Mtu mzima anayekufa ganzi ya mdomo wa chini na kidevu bila kuumia, bila kung'olewa jino na bila maambukizi yanayoeleweka, achunguzwe kama mwenye saratani mpaka vipimo vituondolee shaka hiyo, na miongoni mwa saratani zinazoleta dalili hii limfoma iko mstari wa mbele pamoja na saratani ya matiti iliyosambaa.

Kuhusu swali lako la kwanza, mazoea yetu ndiyo yanayotupotosha. Limfoma ya Hodgkin kwa kweli hupenda kukaa ndani ya tezi za limfu, na shingo ndipo inapoonekana mara nyingi. Limfoma zisizo za Hodgkin ni habari nyingine: takribani robo hadi theluthi yake huanzia nje ya tezi, na baada ya mfumo wa chakula, kichwa na shingo ndilo eneo linalofuata kwa wingi. Seli za limfu zimetanda chini ya utando wa pua, koromeo na kinywa, zimo katika tezi za mate na za machozi, na nyingine huvutwa mahali palipokuwa na mchochota wa muda mrefu. Popote zilipo, zinaweza kugeuka. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuja na shingo safi kabisa, bila homa, bila jasho la usiku na bila kukonda. Dalili hizo tatu tulizofundishwa kuziulizia huonekana kwa sehemu ndogo tu ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umeanzia nje ya tezi, na kutokuwepo kwake kusimpe mtu yeyote utulivu wa bure.

Sehemu kubwa ya limfoma hizi huota katika duara la tishu za limfu linalozunguka mlango wa koromeo, yaani tonsili mbili, tishu ya limfu iliyo nyuma ya pua na ile ya shina la ulimi. Tonsili moja hukua kuliko mwenzake, mara nyingi bila maumivu na bila kidonda, uso wake ukiwa laini. Saratani ya kawaida ya utando, kwa upande wake, huelekea kuchimbika na kuuma. Nyuma ya pua, dalili ya kwanza inaweza kuwa sikio moja kuziba na kujaa majimaji. Mtu mzima mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio moja asipewe matone na kurudishwa nyumbani kabla nyuma ya pua hapajaangaliwa kwa kamera.

Sura inayonitia hofu kuliko zote ni ile ya puani, limfoma ya seli za NK/T, ambazo ni aina za chembe za kinga. Zamani, kabla asili yake haijajulikana, iliwekwa katika kundi la granuloma ya mauti ya mstari wa kati wa uso, kwa sababu ilikula pua na kaakaa mpaka uso ukabomoka. Leo tunajua kwamba ni limfoma inayofungamana na virusi vya Epstein-Barr, na kwamba huonekana zaidi Asia ya Mashariki na Amerika ya Kati na Kusini, ingawa hakuna mahali palipo salama kabisa. Mgonjwa huanza na pua kuziba upande mmoja, makamasi yenye damu na magamba yanayonuka. Anatibiwa sinasi mwezi baada ya mwezi. Kisha ukuta unaotenganisha matundu ya pua unatoboka, kaakaa linatoboka, na chakula kinaanza kutokea puani. Katika hatua hiyo daktari huwaza pia ugonjwa wa mchochota wa mishipa ya damu wenye granuloma, fangasi wavamizi kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kaswende, kifua kikuu na matumizi ya kokeini, na ni haki kuyawaza yote hayo. Kasoro ni kwamba limfoma hii huziba na kuharibu mishipa ya damu, tishu inakufa, na daktari anayenyofoa ukoko wa juu anapeleka maabara nyama iliyokufa tu.

Nyingine nitazitaja kwa ufupi. Katika zoloto ni nadra mno, haifiki asilimia 1 ya uvimbe wa saratani wa mahali hapo, na huja kama uvimbe laini chini ya utando juu ya nyuzi za sauti, mgonjwa akilalamikia sauti ya kukwaruza. Katika sinasi ya shavu huleta uvimbe wa uso, jicho kusukumwa nje na kuona vitu viwili viwili. Katika mfupa wa sikio inaweza kuiga usaha wa nyuma ya sikio, na ikiugusa mshipa wa fahamu wa uso, uso hupooza upande mmoja. Uso uliopooza ghafla kwa sababu isiyojulikana kwa kawaida huanza kupata nafuu ndani ya wiki au miezi michache. Ukiendelea kuzidi polepole, ukarudi upande uleule, au ukaambatana na mshipa mwingine wa fahamu kudhoofika, hiyo si hali ya kungojea.

Jibu: Mtaalamu wa Patholojia

Naomba nijibu swali la tatu, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi hupoteza miezi. Limfoma hizi hukawia kugunduliwa si kwa ugumu wa ugonjwa peke yake, bali kwa ubovu wa sampuli. Seli za limfu ni laini na hupondeka upesi. Koleo likiminya kipande kidogo, ninachokiona chini ya hadubini ni michirizi ya rangi ya buluu isiyosomeka. Kipande kikikaukia juu ya shashi, nacho kimekwisha kazi.

Sindano nyembamba ina kazi yake na siidharau. Kwa tezi ya shingo ya mtu mzima ni hatua nzuri ya kwanza, kwa sababu inaweza kuonyesha saratani iliyosambaa kutoka koromeoni au kifua kikuu, na inamwepusha mgonjwa kukatwa shingo kabla chanzo cha saratani hakijatafutwa. Lakini aina nyingi za limfoma hutambuliwa kwa mpangilio wa seli, wala si kwa umbo la seli moja moja. Anayeniletea chembe chache za sindano na kutaka nitaje aina ya limfoma ananionyesha matofali machache na kuniuliza ramani ya nyumba. Sindano ikishuku limfoma, au ikirudi na jibu la "seli za kawaida za limfu" huku tezi ikiendelea kukua, itolewe tezi nzima, na ichaguliwe ile kubwa isiyo ya kawaida hata kama kuna ndogo iliyo rahisi kufikika. Pasipowezekana kutoa nzima, sindano nene ya kukata vipande kadhaa ni bora kuliko nyembamba.

Kwa kidonda cha kinywani au puani, ondoeni kwanza ukoko na tishu iliyokufa, kisha chukueni vipande kadhaa vya kina kutoka mahali tofauti, pamoja na ukingo ulio hai. Sehemu moja iletwe mbichi, ikiwa imefunikwa kwa shashi iliyoloweshwa kidogo maji ya chumvi, ifike maabara siku hiyohiyo kwa ajili ya kuchambua seli kwa mashine. Iliyobaki itiwe mara moja katika formalini iliyosawazishwa ya asilimia 10, ujazo wake uwe takribani mara kumi ya kinyama. Tishu isiachwe ikielea ndani ya maji ya chumvi, kwani huvimba na kuharibika. Maabara yenu ikiwa haina mashine hiyo, wekeni yote katika formalini, kwa sababu imunohistokemia, yaani kipimo cha rangi kinachoonyesha alama za seli, hufanyika vizuri kwa tishu iliyohifadhiwa hivyo.

Jambo la pili, steroidi. Prednisoloni au deksamethasoni huua seli za limfoma kwa haraka. Mgonjwa hupata nafuu, uvimbe hunywea, nasi tunaletewa kipande ambacho ndani yake hamna cha kusoma. Baadaye ugonjwa hurudi kwa nguvu. Isipokuwa pale njia ya hewa inapokaribia kuzibwa au uoni uko hatarini, kinyama kitangulie na steroidi zifuate. Ikibidi kuzitoa kwanza, iandikwe katika fomu.

Na fomu yenyewe isije na neno moja la "uvimbe". Niandikieni hali ya VVU, kama mgonjwa amepandikizwa kiungo, na kama anatumia methotreksati, azathioprini au dawa nyingine inayodhoofisha kinga. Nina sababu mahususi. Kuna kidonda cha utando kinachosababishwa na virusi vya Epstein-Barr, ambacho chini ya hadubini kinaweza kufanana mno na limfoma kali, lakini kwa wagonjwa wengi hupona baada ya kupunguza au kusimamisha dawa ya kudhoofisha kinga. Vilevile tonsili ya kijana mwenye homa ya tezi inayoletwa na virusi hivyohivyo inaweza kuonyesha seli kubwa za kutisha zinazofanana na zile za Hodgkin. Nisipojua umri, muda wa dalili na dawa, naweza kumpa mtu saratani asiyokuwa nayo. Ugonjwa wa Kikuchi-Fujimoto, ulioelezwa Japani mwaka 1972, nao huvimbisha tezi za shingo za vijana pamoja na homa, na mara nyingi huondoka wenyewe.

Kwa mgonjwa wa Tabibu ninaomba apimwe VVU kama bado hajapimwa. Nyama ya zambarau inayoota haraka katika ufizi ina orodha yake, na mojawapo ya yaliyomo ni limfoma ya plasmablasti, aina kali ya seli zinazofanana na seli za plasma, ambayo ilielezwa mwaka 1997 kutokana na wagonjwa ambao wengi wao walikuwa na VVU na uvimbe wa kinywani.

Jibu: Daktari wa Familia

Nimesoma kwa makini, na naomba nitofautiane kidogo na wakubwa wangu ili wasomaji wa ngazi yetu wasiondoke na hofu. Tonsili mbili zisizolingana ni jambo la kawaida sana. Mara nyingi moja imekaa ndani zaidi ya mwenzake na tofauti ni ya macho tu. Tezi ndogo za shingo kwa watoto ni za kila siku. Tukimpeleka kila mmoja akatwe, tutawaumiza wengi wasiokuwa na ugonjwa. Je, mpaka tuuweke wapi?

Jibu: Daktari wa Masikio, Pua na Koo

Hoja yako ni ya haki, nami nakubaliana nayo. Tofauti ya tonsili iliyokuwapo siku zote, kwa mtu asiye na dalili, yenye uso wa kawaida, inaweza kufuatiliwa tu. Ninayoitoa ni ile inayokua ndani ya wiki au miezi michache, iliyobadilika rangi au uso, inayoambatana na tezi ya shingo upande uleule, au iliyoota kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Mtoto aliyepandikizwa kiungo ambaye tonsili zake zinavimba na anaanza kukoroma ni wa kuangaliwa upesi, kwa kuwa seli za limfu zinaweza kukua kupita kiasi kutokana na dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo.

Kwa tezi ya shingo, mimi huangalia ukubwa unaozidi sentimita 2, kutopungua baada ya wiki 4 hadi 6, ugumu wa mpira usiouma, na mahali ilipo. Tezi iliyo juu ya mtulinga sifuatilii, naitafutia kinyama. Na kuna kosa lililoenea ambalo sipendi kulinyamazia: mgonjwa kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa sababu tu ana tezi shingoni, kisha kungoja miezi kadhaa kuona kama zitapungua. Kifua kikuu cha tezi kipo na ni kingi, lakini kithibitishwe kwa tishu au kwa kipimo cha vinasaba vya bakteria, na ikumbukwe kwamba magonjwa haya mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Jibu: Daktari wa Magonjwa ya Ndani

Naongeza upande ambao haujaguswa, nao ni wa limfoma zinazojengwa polepole juu ya mchochota wa kinga ya mwili.

Mgonjwa wa Sjögren, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate, hulalamikia macho makavu na kinywa kikavu kwa miaka, na tezi zake za mate za mbele ya masikio huvimba na kunywea, kiasi kwamba yeye na daktari wake huzoea. Uwezekano wake wa kupata limfoma katika maisha yake hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10, hasa ile ya tishu za limfu za utando, ambayo hukua taratibu. Kinachopaswa kutuzindua ni uvimbe usionywea tena, hasa wa upande mmoja au wenye fundo gumu, pamoja na madoa ya damu kwenye ngozi ya miguu na kushuka kwa kiwango cha protini ya C4 katika damu. Huyo asiambiwe kwamba ni matubwitubwi yaliyorudi.

Jambo hilohilo hutokea katika tezi ya thairoidi iliyokaa miaka na mchochota wa Hashimoto, ambapo kinga ya mwili huishambulia tezi hiyo. Limfoma ya thairoidi ni nadra, asilimia 1 hadi 5 ya saratani za tezi hiyo, na huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 60. Mgonjwa aliyekuwa na rovu la kawaida anaona shingo inajaa ndani ya wiki chache, sauti inakwaruza, kumeza kunakuwa shida na akilala chali pumzi inabana. Saratani nyingine inayokua kwa kasi hiyo ni ile kali ya anaplastiki, ambayo matarajio yake ni mabaya mno, na watu wawili waliokaa kwenye benchi moja wanaweza kuonekana sawa kabisa. Mmoja kati yao ana ugonjwa unaoyeyuka kwa dawa bila kuondolewa tezi yote. Hapo naungana na Mtaalamu wa Patholojia: sindano nyembamba hushindwa kutofautisha limfoma ya polepole na Hashimoto yenyewe, kwa kuwa zote mbili zimejaa seli za limfu, kwa hiyo sindano nene itumike.

Jicho nalo lisisahaulike. Doa la rangi ya waridi iliyofifia, laini, lisilouma, chini ya utando unaofunika weupe wa jicho, hutibiwa kama mzio kwa matone yasiyokwisha. Kope ikilegea na fundo likipapaswa juu ya jicho upande wa nje, penye tezi ya machozi, picha ya tundu la jicho ipigwe.

Tabibu wa Kinywa

Nawashukuru nyote. Majibu ya mgonjwa yamefika na kwa ridhaa yake nayaeleza bila kumtambulisha. Kipimo cha VVU kimeonyesha maambukizi, naye hakuwa akijua. Kinyama cha pili kimeonyesha seli kubwa zisizo na CD20, alama ya kawaida ya seli B (aina ya seli za limfu), zenye CD138, alama ya seli za plasma, kiwango cha kugawanyika cha Ki-67 kikiwa juu mno, na virusi vya Epstein-Barr vimeonekana ndani ya seli. Jibu la mwisho ni limfoma ya plasmablasti, kama ilivyodhaniwa hapa. Naomba kujua kukosekana kwa CD20 kunabadilisha nini katika tiba, na mimi kama tabibu wa meno nifanye nini na nisifanye nini kuanzia sasa.

Jibu: Daktari wa Saratani na Damu

Ndugu Tabibu, pole na kazi, na mpe mgonjwa pole yetu. Rituksimabu, dawa iliyobadilisha matibabu ya limfoma za seli B tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hufanya kazi kwa kushika CD20. Seli isiyo na CD20 haina mahali pa kushikwa, kwa hiyo dawa hiyo haina nafasi hapa. Tiba hujengwa juu ya mchanganyiko wa kemotherapi, wa CHOP au, kama wengi wetu tunavyopendelea kwa ugonjwa mkali namna hii, mchanganyiko mzito zaidi wa EPOCH unaotolewa kwa dripu ya siku kadhaa, na baadhi ya vituo huongeza bortezomibu, dawa ya saratani ya seli za plasma, kwa sababu seli hizi zinafanana nazo. Mionzi inaweza kufuata pale ugonjwa ulipo mahali pamoja.

Dawa za kupunguza makali ya VVU zianze mapema na ziendelee sambamba, kwa kuwa kupanda kwa kinga ni sehemu ya tiba. Mchanganyiko uchaguliwe kwa uangalifu: zidovudini hudhoofisha uboho wakati ambao kemotherapi nayo inaudhoofisha, na ritonaviri huzuia ini kuvunja vinkristini, hivyo sumu yake kwenye mishipa ya fahamu huongezeka. Kabla ya dozi ya kwanza tunahitaji picha ya mwili mzima, PET pamoja na CT inapopatikana, uboho, kiwango cha kimeng'enya cha LDH, idadi ya chembe za kinga za CD4, wingi wa virusi na kipimo cha homa ya ini ya B. Ile ganzi ya kidevu nayo isielezwe kwa uvimbe wa taya peke yake. Mshipa unaweza kubanwa ndani ya taya, lakini pia unaweza kushambuliwa kwenye sakafu ya fuvu au katika utando wa ubongo, kwa hiyo naagiza MRI ya kichwa na kipimo cha maji ya uti wa mgongo.

Uvimbe unaogawanyika kwa kasi hii unaweza kupasuka kwa wingi baada ya dozi ya kwanza, hata ya prednisoloni tupu, na kumwaga potasiamu, fosfati na asidi ya yuriki katika damu mpaka figo zikasimama. Mgonjwa aanzishiwe maji ya kutosha kwenye mshipa na alopurinoli, dawa ya kuzuia asidi ya yuriki kupanda, kwanza. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu baadhi ya wenzetu hutoa prednisoloni ili "kumpunguzia uvimbe" wakati rufaa inaandikwa.

Hatari hiyo ni kubwa vilevile kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, ambayo ndiyo mfano maarufu kuliko yote wa limfoma inayoanzia tayani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala, aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto waliokuwa na uvimbe wa taya, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona virusi ndani ya seli zilizooteshwa kutoka katika uvimbe huo. Uvimbe wake unaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja hadi mbili hivi. Mtoto mwenye meno yaliyolegea au kusukumwa pembeni, pengine katika taya zaidi ya moja, na uvimbe unaoongezeka huku mzazi anautazama, apelekwe kituo chenye tiba siku hiyohiyo, jino lisingojewe.

Kuhusu kazi yako, usikwangue uvimbe wala kujaribu kuukata wote, kwani upasuaji hauponyi limfoma hii, unaleta damu na unachelewesha dawa. Meno yaliyo ndani ya uvimbe yaache. Meno mengine yenye maambukizi dhahiri yang'olewe sasa ikiwa hesabu ya chembe nyeupe na chembe sahani inaruhusu, lakini kemotherapi isiahirishwe kwa ajili ya jino linaloweza kutulizwa kwa matibabu ya mzizi. Kama mionzi itatumika, yale yasiyo na matumaini yang'olewe angalau siku 10 hadi 14 kabla, ili mashimo yafunge, kwa sababu kung'oa jino katika taya lililopigwa mionzi kunaweza kuufisha mfupa hata miaka baadaye. Floraidi ya kila siku, mswaki laini, kusukutua mara kwa mara na dawa ya fangasi panapohitajika vitamsaidia kuendelea kula.

Tabibu wa Kinywa

Nimekuelewa, Daktari. Nina swali moja la mwisho: meno mawili yaliyo jirani na uvimbe yanacheza. Niyafunge kwa waya, au niyaache kabisa?

Jibu: Daktari wa Saratani na Damu

Yaache, isipokuwa moja likilegea kiasi cha kuhofia kwamba litamwangukia kwenye njia ya hewa akiwa amelala. Hilo litoe kwa upole. Uvimbe ukiitika dawa, mfupa mara nyingi hujijenga upya na meno yaliyokuwa yanacheza yanaweza kukaza tena. Mpige picha ya taya baada ya mizunguko ya mwanzo ya kemotherapi, uilinganishe na uliyonayo sasa, kisha amua.